Nani Kasema Viti Maalum ni vya Kupewa?

Juzi kati tulikuwa kwenye mazungumzo ya kitabu hapa Dar, watu kama ishirini hivi, kahawa na kashata, kila mtu na miwani yake. Mazungumzo yakatoka kwenye riwaya yakaingia bungeni, kama yanavyofanya siku zote. Mmoja wetu, mwandishi ninayemheshimu, akamtaja mbunge fulani mwanamke kisha akaongeza kwa kicheko: "Lakini yule si mbunge wa kura, ni wa kupewa." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana kicheko kina tabia ya kuambukiza. Nilipokuwa kwenye daladala narudi nyumbani ndipo nikaona aibu. Nimekuwa mwandishi wa habari kwa zaidi ya miaka kumi, najua fika kwamba kauli ile ni uongo, na nikaicheka.

Basi leo naandika ili nilipe deni la kicheko kile. Najua hapa tumezoea kuhakiki diwani na riwaya. Lakini sisi si ndio tunaojisifu kwamba kazi yetu ni maneno? "Viti maalum" ni maneno mawili yaliyofanya kazi chafu kuliko sitiari yoyote niliyowahi kuisoma, na hakuna mhakiki aliyeyagusa.

Hebu tuanze na Katiba yenyewe. Ibara ya 78 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema viti vya wanawake vinagawanywa kwa vyama kwa uwiano wa kura ambazo kila chama kimepata katika uchaguzi wa wabunge, mradi chama kimefikisha angalau asilimia 5 ya kura halali zote. Soma tena taratibu. Uwiano wa kura, si hisani ya Rais wala zawadi ya Spika. Kura yako uliyompigia mgombea wa jimbo lako, awe ameshinda au ameangukia pua, inahesabiwa mara ya pili, nchi nzima, na inazaa viti. Yaani kura ya mtu wa Mbagala aliyempigia mgombea aliyeshindwa vibaya haifi palepale Mbagala. Inaungana na kura za walioshindwa Karatu na Kasulu na Masasi, inakwenda kudai kiti Dodoma.

Sasa niambie, ni kiti gani hapo ambacho ni cha kura na kipi ni cha kupewa?

Twende 2010, mwaka ninaoukumbuka vizuri kwa sababu ndio nilipiga kura mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Majimbo yalikuwa 239. CCM ikapata kura za wabunge takriban asilimia 60, ikachukua majimbo 186, ambayo ni karibu asilimia 78. CHADEMA ikapata kura karibu asilimia 24, ikaambulia majimbo 23. CUF ilipata kura zisizofika nusu ya zile za CHADEMA, kama asilimia 10 na ushei, nayo ikapata majimbo 24. Ndiyo, 24. Chama kilichopigiwa kura zaidi ya mara mbili kikawa nyuma kwa jimbo moja. Hapo wala sisemi kuna kura iliyoibwa. Ukichukua kila namba kama ilivyotangazwa, bado matokeo ni hayo. Kura za CUF zilikuwa zimekusanyika pamoja, hasa Zanzibar, kwenye majimbo yenye watu wachache. Za CHADEMA zilikuwa zimetawanyika, nyingi zikawa za nafasi ya pili, na kwenye mfumo wa mshindi kuchukua jimbo, nafasi ya pili haina hata kifuta jasho.

Ndipo vikaja viti 102 vya wanawake. CCM ikapata 67, CHADEMA 25, CUF 10. Jumlisha: CHADEMA 48, CUF 34. Kambi rasmi ya upinzani ikahama mikono, Hamad Rashid Mohamed akaondoka kwenye kiti cha kiongozi wa upinzani na Freeman Mbowe akakaa. Wananchi walikuwa wameshaamua nani awe chama cha pili nchini, majimbo yakakataa kuwasikia, na wale wanawake tunaowaita wa kupewa ndio walioibeba sauti ile mpaka ndani ya ukumbi. Bila wao Bunge la 2010 lingekuwa linatudanganya kuhusu sisi wenyewe.

Lakini ukiuliza mtaani, mbunge "halisi" ni yupi? Wa jimbo. Katiba yenyewe inamuunga mkono mtu wa mtaani: ibara ya 51 inataka Waziri Mkuu atokane na wabunge wa kuchaguliwa jimboni. Mwanamke wa viti maalum anaweza kuwa na akili ya kuendesha nchi tatu, mlango huo umefungwa kwake. Mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo nao mwenyekiti wake ni mbunge wa jimbo. Tumejenga Bunge lenye ghorofa mbili, kisha tunawashangaa wa ghorofa ya chini kwamba hawaonekani.

Kuna rafiki yangu mmoja, mshairi, aliwahi kuniambia kwamba mambo ya uwiano ni hesabu tu, na hesabu haina itikadi. Huyu ndiye hasa ninayetaka kubishana naye. Chukua karatasi, ndugu yangu, tufanye hesabu yako isiyo na itikadi.

Tuseme kuna mahali pana viti 5 na wapiga kura 10,000. Chama cha Jembe kimepata 5,100, Ngalawa 3,300, Kinu 1,600. Njia ya kwanza ni kuweka bei. Kura 10,000 ukizigawa kwa viti 5, kila kiti kinauzwa kura 2,000. Jembe ananunua viwili, mkononi anabaki na 1,100. Ngalawa ananunua kimoja, anabaki na 1,300. Kinu hana uwezo wa kununua, amekaa na 1,600 zake. Viti viwili vimebaki mezani, vinaenda kwa wenye mabaki makubwa: Kinu kimoja, Ngalawa kimoja. Mwisho: Jembe 2, Ngalawa 2, Kinu 1. Jembe ana kura zaidi ya nusu lakini hana wingi wa viti, itabidi aombe ushirika.

Njia ya pili ilielezwa na mwanasheria wa Ubelgiji, Victor D'Hondt, mwaka 1878. Unagawa kura za kila chama kwa 1, kwa 2, kwa 3, halafu unachukua namba kubwa kuliko zote mpaka viti viishe. Jembe ana 5,100, 2,550 na 1,700. Ngalawa ana 3,300 na 1,650. Kinu ana 1,600. Tano za juu ni 5,100, 3,300, 2,550, 1,700, 1,650. Basi. Jembe 3, Ngalawa 2, na Kinu anarudi nyumbani mikono mitupu, amepungukiwa kura hamsini na kitu. Ukigawa kwa 1, 3, 5, kama alivyopendekeza Mfaransa André Sainte-Laguë, Kinu anafufuka na Jembe anarudi kwenye viwili.

Kura ni zilezile. Hakuna sanduku lililoibwa, hakuna wakala aliyefukuzwa kituoni. Kwa njia moja Jembe anaunda serikali peke yake, kwa nyingine hawezi. Na njia zote hizi, kwenye vitabu, zinaitwa uwiano. Burundi wanatumia ya D'Hondt, na kizingiti cha asilimia 2. Jirani yao Kongo wanatumia mabaki makubwa. Mshairi wangu bado anaamini kwamba aliyechagua kanuni hakujua ingempendelea nani?

Wamarekani walilijua hili mapema. Mara ya kwanza kabisa rais wa Marekani kutumia kura ya turufu dhidi ya muswada, George Washington mwaka 1792, ugomvi ulikuwa ni huu huu: namna ya kugawa viti vya Bunge kati ya majimbo. Alexander Hamilton alikuwa upande wa mabaki, Thomas Jefferson upande wa kugawa na kutupa sehemu. Kanuni ya Jefferson, ukiitazama vizuri, ndiyo ile ile aliyoieleza D'Hondt karibu karne moja baadaye. Wanasiasa wale walifundishwa hesabu shuleni kama sisi. Tofauti ni kwamba wao waligombana juu yake hadharani.

Sisi tunagombana juu ya masanduku. Riwaya zetu za siasa zimejaa masanduku: yamechomwa, yameingizwa kura usiku, msimamizi amepewa bahasha. Sawa, yapo, yaandikwe. Lakini sijaona riwaya hata moja ya Kiswahili ambayo mhusika anakosa kiti kwa sababu ya mabaki. Karama wa Shaaban Robert, kwenye Kusadikika, alishtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria. Angetaka kufundisha kanuni ya kugawa viti nadhani wasingemshtaki hata kidogo. Baraza zima lingelala.

Sasa wale wanaosema mimi ni mtetezi wa mfumo uliopo, ngojeni kwanza. Bado sijafika huko.

Viti maalum vyetu vina ulemavu mkubwa, na si ule wanaoucheka watu. Ulemavu ni kwamba uwiano wetu unaongezwa juu ya matokeo ya majimbo, haurekebishi matokeo ya majimbo. CCM 2010 ilikuwa imeshapata majimbo mengi kuliko kura zake. Juu ya hapo ikapewa viti 67 vingine, kana kwamba ilikuwa imepunjwa. Mgeni ameshakula sahani tatu, unampakulia ya nne kwa sababu unagawa sawasawa!

Lesotho wanayo hadithi inayotuhusu. Mwaka 1998 chama cha LCD kilipata kura takriban asilimia 60 na kikachukua viti 79 kati ya 80. Chama cha BNP, kikiwa na karibu robo ya kura, kilipata kimoja. Kimoja! Maseru ikawaka moto, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia. Baada ya maji kumwagika wakakaa chini, na uchaguzi wa 2002 ukaendeshwa kwa mfumo mwingine: majimbo 80 na viti 40 vya kufidia. Neno ni kufidia. Unapiga hesabu ya Bunge zima la watu 120 kwa uwiano wa kura, unatoa majimbo ambayo chama kimeshapata, kinachobaki ndicho kinalipwa. Aliyeshiba majimbo hapati. BNP ikapata viti 21 vya fidia.

Tupige hesabu hiyo kwa 2010 yetu, ya juujuu tu. Majimbo 239 na viti maalum 102 ni 341. Asilimia 60 ya 341 ni kama 205. CCM tayari ina 186, kwa hiyo inadai karibu 20, si 67. CHADEMA kwa asilimia 24 inastahili kama 80, ina 23, inadai karibu 60, si 25. CUF haibadiliki sana. Lingekuwa Bunge lingine kabisa, kwa kura zilezile na kwa idadi ileile ya wanawake kwenye viti vile.

Na angalia faida ya pembeni ambayo wanaharakati wa jinsia hawaizungumzii vya kutosha. Chama kinachojua hakitapata fidia kubwa kitalazimika kutafuta wanawake wake majimboni. Leo chama chochote kinaweza kumwambia mwanamke anayetaka jimbo, "Mama, wewe subiri, tutakuweka viti maalum." Nimeisikia kauli hiyo kwa masikio yangu, kwenye kura za maoni, ikisemwa kwa upole kabisa, kama mtu anayemwachia mjamzito kiti kwenye basi.

Lesotho nao si malaika. Mwaka 2007 wakubwa wakagundua ujanja: kwa kuwa mpiga kura ana karatasi mbili, chama tawala kinashindania majimbo na chama rafiki kinaombewa kura za orodha. LCD ikachukua majimbo 61, rafiki yake NIP ambaye hakushinda jimbo lolote akavuna viti 21 vya fidia. Fidia kwa nani, ukiuliza? Baadaye wakabadili sheria, kura ikawa moja. Nalitaja hili ili nisije nikasikia kesho kwamba nimeuza dawa ya mitishamba inayotibu magonjwa arobaini.

Kenya wao wamefanya kinyume na Lesotho, na wamekiandika kwenye Katiba nzuri ya 2010 inayosifiwa kila kona. Maseneta 16 wanawake na wabunge 12 wa kuteuliwa wanagawanywa kwa uwiano, lakini uwiano wa viti ambavyo chama kimeshinda, si wa kura. Yaani makosa yaliyofanywa na majimbo yanapigwa muhuri mara ya pili. Chama kilichopata kura nyingi lakini zimetawanyika kinaadhibiwa, kisha kinaadhibiwa tena kwa sababu kiliadhibiwa. Magazeti yao nayo yanawaita Seneta Maalum, Mbunge Maalum. Neno lilelile, na hesabu tofauti kabisa chini yake. Mtu wa Mombasa na mtu wa Tanga wakibishana kuhusu "maalum" hawabishani juu ya kitu kimoja, na hawajui.

Sasa nifike kwenye kidonda chenyewe, ambacho ndicho kinaipa kejeli ile ya "kupewa" nguvu. Orodha.

Unapopiga kura ya ubunge Tanzania, karatasi ina mgombea wa jimbo. Majina ya wanawake ambao kura yako itawapeleka Dodoma hayapo pale. Yapo kwenye orodha ambayo chama kinaipeleka Tume, kwa mpangilio ambao chama kimeupanga. Kura ni yangu, jina ni la chama. Hapo mwandishi wetu wa kashata ana hoja, ila ameielekeza kwa mtu asiyehusika. Aliyenyang'anya ni aliyeificha orodha, anayetukanwa ni mwanamke aliyeandikwa humo.

Matokeo yake tuliyaona mara mbili ndani ya miaka michache. Julai 2017, katikati ya mgogoro wa CUF, upande mmoja wa chama ukawafukuza uanachama wabunge wanane wa viti maalum. Spika akatangaza nafasi zao ziko wazi, Tume ikateua wengine wanane. Mambo yakaenda kama maji. Novemba 2020, wanawake 19 wa CHADEMA wakaapishwa, chama kikasema hakijapeleka majina, kikawafukuza uanachama ndani ya siku chache. Safari hii nafasi hazikuwa wazi. Wakakata rufaa ndani ya chama, wakaenda mahakamani, na wakaendelea kukaa bungeni.

Sitaki hapa kuamua kesi ya mtu. Nataka uone mkono wa tatu. Mara ya kwanza barua ya kufukuza ilitosha, mara ya pili haikutosha, na mara zote mbili hakuna aliyegeuka kumuuliza mpiga kura, kwa sababu mpiga kura hakuwahi kuijua orodha. Angekuwa ameiona, imebandikwa pale mlangoni kwa kituo, jina la kwanza hadi la mwisho, angalau angekuwa na ushahidi wa nani alimtuma. Ingekuwa vigumu kubishana kama majina yalipelekwa au hayakupelekwa. Kila mtu angekuwa ameyapiga picha kwa simu.

Na si ajabu ya dunia. Afrika Kusini vyama hupeleka orodha na zinachapishwa kabla ya uchaguzi. Anayetaka kujua nani ni wa tano kwenye orodha ya ANC anaweza kujua. Kizingiti hawana, Bunge la watu 400, na 2024 ANC ilipopata asilimia 40 na kidogo ikapata viti 159, ambavyo ni karibu asilimia 40 ileile. Orodha zao zimefungwa kama zetu, mpiga kura hawezi kumpandisha mtu wala kumshusha, na wanalalamika sana kuhusu hilo, wana haki. Kongo unaweza kumpigia mtu ndani ya orodha, jina kwa jina, na wao wana malalamiko mengine. Ila orodha inaonekana.

Mwaka 2015, nikiwa mdogo kwenye chumba cha habari, niliandika habari ya mgawanyo wa viti maalum, maneno kama mia saba, na jedwali. Mhariri akaikata zikabaki mistari minne, akaniambia msomaji hapendi hesabu. Ukurasa ule siku ile ulikuwa na odi za mechi za wikendi, kila timu na kigawanyo chake mpaka desimali ya pili, na vijana waliolinunua gazeti walizielewa zote.

Yule mwandishi wa kashata nimempigia simu jana. Nikamweleza habari ya 2010, kura na viti, CHADEMA na CUF. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mbona siku zote mnaandika wameteuliwa?" Nikafungua makala zangu za zamani kwenye kompyuta, nikatafuta neno "walioteuliwa". Yapo mara kumi na moja.